Hatua kumi na moja kutoka mlango wa jiko

Shule niliacha mwaka wa tatu wa msingi. Sisemi hivyo ili mtu anionee huruma. Baba alikufa, nikashika sururu, nikaenda kuchimba mitaro pamoja na watu wazima, basi. Ninachokijua nilikijua kwa mikono, na mji wetu mdogo hapa kwenye njia ya reli, katikati ya Kolwezi na Mutshatsha, ulikunywa maji ya mikono hii kwa miaka mingi. Kuna watu wenye diploma ukutani ambao hawawezi kusema neno kama hilo.

Kazi yangu ilikuwa vane. Kwa asiyejua, vane ni kile chuma kilicho chini ya ardhi, njiani mwa bomba, cha kufungulia na kufungia maji ya avenue nzima. Unateremsha ufunguo mrefu wa chuma, una mkono uliokingama juu kama msalaba, unazungusha, maji yanaenda huku au yanaenda kule. Maji yetu hayakuwahi kutosha watu wote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo asubuhi niliwafungulia wa juu, mchana wa stesheni. Nilijua nyumba gani inaamka mapema na nyumba gani inalala mpaka jua liwe kali. Nikichelewa robo saa, wanawake walinipigia kelele barabarani kwa jina la mama yangu, na mimi nilipenda, kwa sababu mtu asiye na kazi ya maana hapigiwi kelele na mtu.

Zamani maji yaliishia chini, upande wa stesheni, kwa wafanyakazi wa reli. Sisi wa juu, watoto wa watu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodini, tulikuwa tunashuka na ndoo na kupanda na ndoo. Tulipochoka tukayapandisha wenyewe, kwa salongo. Salongo ni kazi ya wote, Jumamosi asubuhi: soko limefungwa, maduka yamefungwa, kila mtu anatoka na jembe lake mpaka saa nne. Kila nyumba ilichimba mtaro mbele ya parsele yake, yaani kiwanja chake, na mimi nikapita nyuma nikilaza bomba. Aliyechimba mtaro mfupi nilimrudisha, hata kama ni katekista. Siku maji yalipotoka juu mara ya kwanza, mke wangu alivua viatu akasimama ndani ya tope lile, na hakutaka kutoka mpaka nilipomfokea.

Vile vifuniko vya vane vilikuwa vya chuma kizito, na chuma kizito hakikai barabarani katika nchi hii. Viliibiwa kimoja kimoja. Ukiacha shimo wazi, mtoto anatumbukia, takataka zinajaa. Basi mimi nikafanya hivi: juu ya kila vane niliweka jiwe bapa, juu ya jiwe nikamwaga udongo, nikaukanyaga mpaka mtu asijue. Alama sikuweka. Alama zilikuwa nyumba za watu. Vane ya soko, hatua saba kutoka ngazi ya kanisa. Vane ya shule, hatua ishirini kutoka kichuguu kikubwa, na kile kichuguu kilipobomolewa na watu wa matofali nilihesabu upya kutoka ukuta wa choo. Vane ya avenue yetu, hatua kumi na moja kutoka mlango wa jiko wa mama wa bitumbula, muuza vitumbua wetu, ukielekea kona ya nyumba ya fundi wa cherehani.

Ofisi ya maji iliniomba ramani mara kadhaa. Niliwajibu kwamba ramani iko kichwani. Walisema nina kiburi, na hawakukosea. Kuchora sikujua, hiyo ni moja. Ya pili, niliona vizuri kwamba siku nitakayowapa karatasi hawatanihitaji tena. Nilistaafu na ramani yangu kichwani na ufunguo wangu nyuma ya mlango, na wakawa bado wanakuja kuniita.

Halafu watu wakapata mawe ya madini chini ya nyumba zao. Mmoja alikuwa anachimba choo akagonga jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, na kesho yake avenue nzima ilikuwa inachimba choo. Wakaja wachimbaji vijana, tunaowaita bakreseri, kutoka kila pembe ya Kongo, na taa kwenye vipaji vya nyuso, wakanunua parsele, wakachimba hata ndani ya sebule huku wamefunika dirisha kwa turubai. Kuta zikapasuka. Fundi wa cherehani akaondoka. Katekista akaondoka. Kila wiki kulikuwa na gari limepakia vitanda na mabati, na mimi nilisimama kwenye uzio wangu nikiwatazama bila kupunga mkono.

Mama wa bitumbula alikaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Mlango wake wa jiko ulilisha avenue yote kila asubuhi. Hata mimi niliyekuwa na mke hodari nilikula bitumbula vyake kwanza, ndipo nikaenda kufungua maji. Sikufikiri kwamba yeye angeuza. Alipouza, nilivuka barabara mbele ya watu waliokuwa wanapakia gari, nikamwambia: "Tangu leo usinisalimie tena."

Alinitazama, akasema: "Sawa." Akapanda mbele, karibu na dereva, akaenda Mutshatsha kwa binti yake.

Mke wangu alikuwa ameshakufa wakati huo. Watoto wangu wako Lubumbashi na Kolwezi, wanapiga simu Jumapili baada ya misa, wanasema, Tata, shuka ukae na sisi. Nawajibu kwamba nina nyumba niliyoijenga mwenyewe na robine inayotoa maji uani, na kwa nini mtu mwenye maji aende kukaa kwa watu wanaonunua maji? Tunaongea habari ya mvua, halafu simu inakatika.

Mshipa wa mawe haukupita chini ya nyumba yangu. Wachimbaji waliniambia hivyo kwa kunihurumia, kama daktari anayetoa habari mbaya. Mawe yalipoisha chini ya nyumba za wenzangu, wachimbaji nao wakaondoka, wakaacha mashimo na vilima vya udongo. Nikabaki peke yangu kwenye avenue. Nyumba moja. Jumamosi niliendelea kutoka na jembe, nikasafisha mfereji mbele ya parsele yangu, nikasafisha na mbele ya parsele ambazo hazina mtu, na saa nne nikasimama, nikaegemea jembe, kwa sababu saa nne ndiyo saa ambayo watu huanza kuulizana habari. Nilisimama kiasi cha kuulizwa habari, halafu nikaingia ndani.

Robine yangu iliendelea kutoa. Niliiacha itiririke kidogo kwenye ndoo ili nisikie kitu uani.

Mama wa ofisi ya maji alikuja siku ya Jumatatu, asubuhi, na wafanyakazi wawili wenye masururu. Alikuwa injinia, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu kama mlingoti, buti za mpira miguuni. Alikunjua karatasi juu ya meza yangu. Karatasi yake ilionyesha mabomba yote ya stesheni, yamechorwa vizuri, na juu ya reli ilikuwa nyeupe kabisa. Huko kweupe ndiko tulikokuwa tumekaa.

"Tata," akasema, "mayi ya chini imekwisha. Batu ba stesheni banakaa wiki mbili bila tone. Mayi yote inapanda huku, inaingia mu yale mashimo ya bakreseri, inapotea. Banasema we njo unajua fasi vane ya hii avenue iko."

Aliongea vizuri, sikuwa na la kumlaumu. Nikamuuliza: "Ukiifunga, nyumba ngapi zinabakia bila mayi?"

Wengine wangezungukazunguka. Yeye alinitazama machoni. "Moya tu, Tata. Ya kwako."

"Hakuna namna ingine?"

"Kufukua bomba yote na kuweka ingine, juu ya nyumba moya? Ofisi haiwezi. Mi siwezi kukudanganya."

Sasa niseme wazi nilichofanya, kwa sababu nimeshazeeka na sina wa kumficha. Niliwaza kwamba bila maji watoto wangu watakuja na gari kunichukua, na nyumba itabomolewa na mvua mbili tu, na hapo haitakuwa avenue tena, itakuwa pori lenye mashimo. Nikasimama, nikachukua ufunguo nyuma ya mlango, nikawapeleka mahali ambapo najua kabisa hakuna kitu, karibu na parsele ya katekista. Nikapiga kisigino ardhini. "Hapa," nikasema.

Walichimba mpaka mchana. Hakuna. Nikasema labda ni kule. Wakachimba kule. Mimi nilitoa kiti nikakaa karibu na shimo.

Na hizo siku mbili, Mungu anisamehe, zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote za miaka ile. Kulikuwa na sauti za watu kwenye avenue. Mmoja wa wafanyakazi, Mlunda wa Kisenge mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa anamtania mwenzake wa Kasai kwamba babu yake aliletwa na treni, nayo treni yenyewe haijui njia ya kurudi. Mwenzake akajibu: "Na we babu yako alikuwa anaikimbia ile treni, alizani ni nyoka!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipika bukari, ndio ugali wetu, nikapika sombe na ndagala, tukala wanne kwenye sufuria moja, na injinia akakaa juu ya kilima cha udongo na sahani magotini.

"Tata unapika vizuri kupita bwana yangu," akasema.

"Bwana yako anapika nini?"

"Mayi ya moto."

Walipoondoka siku ya pili jioni, na mashimo matano waliyoyachimba bure nyuma yao, niliosha sahani nne. Niliziosha polepole.

Siku ya tatu hawakuja. Nilikaa na kiti changu mpaka saa tano, kisha nikaona mpumbavu ni mimi. Makaa ya kupikia yalikuwa yameniishia, nikashuka stesheni kununua.

Kule chini robine ya watu wote ilikuwa kavu, na bidoni za rangi zote zimepangwa mbele yake, hazina wenyewe, zinangoja tu. Watu walikuwa wanateka mtoni, pale ambapo mawe yanaoshwa na maji yana rangi ya chai yenye maziwa. Kwenye njia ya materniti nilimkuta mwanamke kijana anapanda mteremko, tumbo limefika mbele yake, na bidoni ya manjano kichwani. Ndiyo desturi ya hapa maji yakikosekana: anayekwenda kuzaa anaenda na maji yake. Bila maji yako unapokelewa, lakini utaoshwa na nini?

Aliponiona alisimama kupumua, akanisalimu kama babu yake. "Kambo, jambo."

"Jambo, mama."

"Chagua kimoya unisaidie kubeba. Mayi ao mutoto."

"Mutoto sitamuweza," nikasema. Nikapokea bidoni. Ilikuwa nzito kwelikweli, na mimi ni mtu niliyebeba mabomba begani.

Tulitembea taratibu. Kila hatua chache alisimama, akashika kiuno, akavuta pumzi kwa meno, halafu akaendelea na maneno kama vile hakuna kilichotokea. Akaniambia: "Banasema kule juu kuna muzee moya. Eko peke yake. Anakunywa mayi ya muji muzima."

"Nani anasema?"

"Batu yote. Banasema ye anajua fasi ya kufunga, na anakataa. Anabatembeza batu ba ofisi sawa mbuzi." Akasimama tena, akavuta pumzi. "Mi nikimuona yule muzee, nitamulamba makofi."

Nilibeba bidoni mpaka mlangoni pa materniti, nikaiweka chini mahali mkunga alipoonyesha. Yule mwanamke akasema, aksanti kambo, Mungu akupe miaka. Ndani nilisikia mwingine akiuliza kama maji ni ya mtoni, na kwamba yachemshwe mara mbili. Makaa sikununua. Nilipita moja kwa moja ofisini nikamwambia injinia kesho aje na watu wake, nitamwonyesha.

"Leo unajua, Tata?" akauliza.

"Nilijua tangu Jumatatu."

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Yale mashimo yote nalichimbisha batu bangu, we ulikuwa umekaa ku kiti."

"Ndiyo."

"Na tulikula bukari yako."

"Ndiyo, mama."

"Kesho saa moya," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Sikustahili zaidi ya hapo.

Asubuhi nilitoka mapema kabla hawajafika, na ufunguo begani, nikavuka barabara kwenda kwa mama wa bitumbula. Na hapo ndipo nilipopata adhabu yangu. Hapakuwa na kwa mama wa bitumbula. Kila siku nilikuwa naona mahali pale kutoka mlangoni kwangu, na macho yangu yalikuwa yanaijaza nyumba bila kuniuliza. Nilipofika ili nisimame kwenye mlango wa jiko, hapakuwa na mlango, hapakuwa na ukuta, hapakuwa hata na msingi. Vilima vya udongo, mashimo, turubai zilizooza. Mlango ulikuwa upande upi? Kona ya fundi wa cherehani iko wapi? Nilitembea huku, nikarudi kule. Nilihesabu kumi na moja kutoka mahali ambapo sikupajua, nikafika mahali ambapo sikupajua. Miaka yote nilijisifu kwamba ramani iko kichwani, kumbe ramani ilikuwa kwa majirani, na majirani walikuwa wamekwenda nayo.

Injinia alipofika alinikuta nimekaa chini.

"Juzi nilijua, nikadanganya," nikamwambia. "Leo nasema kweli, na sijui."

Yule Mlunda alitaka kucheka, akaona uso wa bosi wake, akameza. Injinia akachuchumaa karibu nami. "Nani alikuwa anakaa hapa?"

Nikamwambia.

"Eko hai?"

"Eko Mutshatsha."

"Uko na namba yake?"

Namba nilikuwa nayo. Sikuwahi kuifuta, kusema kweli sijui jinsi ya kufuta. Nilitazama ile simu kwa muda. Nimegombana na watu wengi maishani na sikurudi kwa mtu hata mmoja kuomba kitu. Injinia hakunisukuma. Aliwaambia wafanyakazi wake wakatafute kivuli, akasimama pembeni akitazama upande mwingine.

Nikapiga.

"Alo? Ni nani?" Nyuma yake nilisikia mafuta yanachemka. Bado alikuwa anakaanga.

"Ni mi."

"Mi nani?"

"Wa ng'ambo ya avenue."

Nilisikia mwiko ukigonga karai. "Mi nalizani ulikufa."

"Bado."

"Ulisema nisikusalimie tena."

"Sasa mi njo nakusalimia. Jambo, mama."

"Jambo," akasema. Halafu: "Unataka nini? We haupigake simu bure."

"Mulango wa jiko yako. Ulikuwa fasi gani?"

"Unaniuliza mi? We ulikula bitumbula ku ule mulango kila asubuyi, bya moto, mbele ya batoto ba shule, na leo haujue?"

"Nyumba haiko, mama."

"Najua haiko. Naliuza."

"Hapana. Haiko hata kidogo. Hakuna ukuta."

"Hata ukuta?"

"Hata ukuta."

"Na muti wa avoka?"

"Balikata. Baliweka ndani ya mashimo, juu udongo usianguke."

Nilisikia akisogeza karai kutoka motoni, na ile sauti ya mafuta ikatulia. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa karibu zaidi. "Tafuta majivu," akasema. "Mi nilikuwa namwanga majivu yangu pa mulango kila siku, na mafuta yenye ilikwisha kuungua. Miaka yote ile. Udongo ya kule ni mwekundu yote. Pa mulango wangu itakuwa nyeusi, hata bachimbe namna gani."

"Aksanti."

"Unatafuta nini pale?"

Nikamwambia habari ya vane, na watu wa stesheni, na ya kufunga.

"Na ukifunga, we utakunywa wapi?"

"Nitashuka chini."

"Na ile miguu yako?"

"Miguu iko."

"Huku kwetu mvua ni mingi," akasema. "Tuko na pipa mbili. Mayi haikosekanake." Kisha akasema bitumbula vinaungua, akakata. Karai alikuwa ameshaliondoa motoni, nilisikia mwenyewe. Nilishika simu sikioni kitambo kabla ya kuelewa kwamba alikuwa amenikaribisha.

Tukatafuta kweusi. Injinia alikuwa wa kwanza kukuona, ubavuni mwa shimo, chini ya udongo mwekundu uliomwagwa juu: mstari mweusi, mnene kama mkono, unang'aa kidogo. Nilishika bonge nikalisugua kwa vidole. Lilikuwa na mafuta bado. Nikasimama hapo, nikageuka upande kulikokuwa na kona ya fundi wa cherehani, nikahesabu hatua kumi na moja, nikasema chimbeni.

Walichimba mpaka kiunoni. Hakuna kitu.

Mlunda akaegemea sururu. "Kambo, tunaanza tena?"

"Safari hii sidanganyi!" nikasema, na nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

Injinia alikuwa ananitazama miguu. "Tata," akasema, "zile hatua ulihesabu ukiwa na miaka ngapi?"

Nikatazama miguu yangu. Viatu vilikuwa vimeacha alama kwenye udongo laini, na alama zilikuwa zimefuatana karibu karibu, kama za mtu anayevuka daraja la ubao. Nilikuwa nikivuka barabara ile kwa hatua tano. Sasa ni ngapi? Sikuwahi kuhesabu. Nani anahesabu kitu kama hicho?

"Simama pa majivu," nikamwambia. "Tembea sawa mutu mwenye ameshiba na anajua kazi yake."

Alitembea. Kumi na moja, na buti zake za mpira, kichwa juu. Alikwenda mbali kuliko mimi, karibu kufika kwenye kilima cha pili. Wakapiga ncha ya chuma ardhini alipokanyaga, ikazama. Wakapiga tena, upana wa kiganja kimoja pembeni, ikalia kwenye jiwe.

Jiwe lilikuwa lile lile, bapa, nililolibeba mwenyewe kutoka kwenye reli. Chini yake vane ilikuwa kavu na safi kama siku niliyoifunika. Mfanyakazi wa Kasai alinyoosha mkono kuchukua ufunguo, injinia akamshika kiwiko. Wakaniachia. Nilizungusha mwenyewe, na ilikuwa ngumu, nikapumzika mara mbili. Mzunguko wa mwisho ulipokaza, tulisikia chini ya miguu yetu maji yakisimama. Ni sauti ndogo. Asiyeijua hawezi kuisikia.

Injinia akatoa daftari. "Niandike nini, Tata? Hakuna nyumba ya kupimia."

"Andika hatua kumi na moja kutoka mulango wa jiko wa mama wa bitumbula."

"Lakini mulango—"

"Andika."

Aliandika. Chini yake aliandika pia mita, alizopima kwa utepe kutoka reli, na hilo lilikuwa jambo la akili. Akaniomba wiki inayofuata tutembee pamoja mji mzima, nimwonyeshe zote. Nilikubali. Sikuona tena sababu ya kukaa nazo.

Waliondoka na gari lao. Nilirudi nyumbani. Robine uani ilikuwa inavuta hewa ndani, inafoka, kisha ikanyamaza, na ndoo chini yake ilikuwa na maji nusu. Hayo niliyanywa siku hiyo na kupikia. Siku ya pili nikachukua bidoni mbili nikashuka stesheni.

Robine ya watu wote ilikuwa inatoa kwa nguvu, inarusha matone mpaka barabarani. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake karibu wote, na kelele za mwaka mzima. Mmoja aliniona na mvi zangu akasema: "Kambo, pita mbele. Muzee hapangi mustari."

"Nitapanga," nikasema.

"Jua ni kali, kambo!"

"Nimeliona."

Nikaenda mpaka mkiani, nikaweka bidoni zangu chini. Aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniuliza natokea upande gani, na habari ya huko.